Umeokota kisukuku, umeuziwa au umerithi? Fanya hivi kabla hujakiuza, kukituma nje au kukirudisha

Mtu akishika kisukuku mkononi kwa mara ya kwanza, yaani mabaki au alama ya kiumbe wa kale sana, iwe jino, yai, nyayo kwenye mwamba au mdudu ndani ya kaharabu (utomvu wa mti wa kale ulioganda ukawa kama jiwe), swali lake huwa ni hilohilo: hii inauzwa bei gani? Mi huwa namwambia bei iache kwanza. Kuna maswali matatu yanatangulia, kilitoka ardhini nchi gani, kwenye ardhi ya nani, na mwaka gani, alafu kuna la nne ambalo ndo linaangusha watu wengi, karatasi ya kuthibitisha hayo matatu iko wapi? Ukiwa na majibu ya hayo mambo yote mengine yanakaa sawa, usipokuwa nayo hata wakili mzuri atahangaika.

Huu mwongozo ni wa mtu wa kawaida, sio wa profesa. Fuata hatua kwa mpangilio, usiruke.

Hatua ya 1: Usikichimbe, usikisafishe, andika

Kama ndo umekikuta sasa hivi kimechomoza kwenye korongo au ukingo wa mto, kiache hapohapo. Piga picha kikiwa palepale kilipo, weka kalamu au rula pembeni ili ukubwa uonekane, rudi nyuma upige nyingine inayoonyesha eneo zima, washa lokesheni ya simu uandike zile namba za GPS, andika tarehe na mwenye eneo ni nani kama unamjua. Kisha toa taarifa kwa makumbusho au idara inayoshughulika na mambo ya kale. Nasisitiza usichimbe manake lile tabaka la mwamba lililokishika ndo linalosema umri wake na mahali penyewe kilipokaa ndo patasema kilikuwa kwenye ardhi ya nani, ukishakichomoa umebaki na jiwe zuri lisilo na maelezo, na kwenye nchi nyingi kuchimba bila kibali ni kosa hata kama hujauza kitu.

Kama tayari kiko ndani kwako, kazi yako ni kukusanya karatasi. Hapa nieleze kidogo kitu nilichokiona mwenyewe. Jamaa yangu alirithi boksi la visukuku kwa mjomba wake, mawe kama 40 hivi yamefungwa kwenye magazeti, na lebo zote zilikuwa zimebanduka zimelala chini ya boksi kama maganda. Lebo zenyewe zilikuwa na kila kitu, jina la mahali, mwaka, aliyeokota, ila hakuna aliyejua ipi ni ya jiwe lipi. Kilichotuokoa ni kwamba kwenye baadhi ya mawe, upande wa chini, mzee alipaka doa dogo la rangi nyeupe na juu yake kaandika namba kwa wino mweusi, namba ndogo hata kuisoma tulitumia lenzi, na kwenye daftari lake kulikuwa na namba hizohizo. Yale yenye namba tuliyapatia historia yake yote. Yaliyobaki mpaka leo ni mawe tu, hakuna makumbusho inayoyataka na hakuna mtu mwaminifu atakayeyanunua.

Kwa hiyo kabla hujakiosha tafuta namba. Usibandue lebo ya zamani hata kama imechakaa, usigundishe vipande, usipake vanishi. Skani daftari, barua, risiti, bahasha zenye stempu za posta, picha za zamani. Bahasha yenye muhuri wa tarehe ni ushahidi mzuri kuliko kumbukumbu za ukoo mzima.

Hatua ya 2: Jua sheria ya nchi kilikotoka, sio ya nchi uliyokaa

Hapa ndo watu wanapotea sana. Mtu anasema kwetu kuuza visukuku ni ruksa kwa hiyo niko salama. Hapana. Kama kilichimbwa kwenye nchi inayosema visukuku ni mali ya taifa, basi aliyekuuzia hakuwa na kitu cha kukuuzia, alikuwa ameshika mali ya watu, na umbali haubadilishi hilo.

Nchi nyingi ziko upande huu. Brazil wana sheria ya mwaka 1942 inayofanya visukuku vyote kuwa mali ya taifa. Mongolia wamekuwa na msimamo huo tangu miaka ya 1920. China wana kanuni zilizoanza tarehe 1 Januari 2011 zinazosema visukuku vilivyomo ndani ya mipaka yao ni vya dola. Argentina wana sheria ya 2003, Afrika Kusini ya 1999, Kenya ya 2006, na Tanzania wana sheria ya mambo ya kale ya 1964 ambayo inadai leseni kabla hujavuka navyo mpaka.

Upande wa pili kuna nchi ambazo kisukuku kinamfuata mwenye ardhi, mfano mkubwa ni Marekani kwa ardhi ya mtu binafsi, na Uingereza kwa kiasi kikubwa iko hivo pia.

Alafu kuna za katikati, na hizi nazipenda kwa sababu zinafundisha tofauti ya kumiliki na kutunza. Jimbo la Alberta kule Kanada, ukiokota kisukuku kilicholala juu ya ardhi na mwenye eneo kakuruhusu, unaweza kukaa nacho, lakini mali ni ya serikali, wewe ni mtunzaji tu. Huruhusiwi kukiuza, kukikata wala kukitoa nje ya jimbo bila idhini. Mtu anaweza kukaa nacho mezani miaka 30 na bado kisiwe chake.

Kwa hiyo andika kwenye karatasi: nchi, sheria yake inasema nini, na ilianza lini. Huo mwaka wa kuanza utauhitaji hatua ya 4.

Hatua ya 3: Jua ni ardhi ya nani, tena juu na chini

Hata kwenye nchi ambazo mwenye ardhi ndo mwenye kisukuku bado kuna mtego, ardhi ya nani hasa? Kesi ya Sue, mifupa ya dinosaria iliyopewa jina la mwanamke aliyeiona, inaeleza vizuri kuliko kitabu chochote. Mwaka 1990 huko South Dakota, Marekani, Sue Hendrickson aliona mifupa ya T. rex kwenye genge, kampuni aliyokuwa akifanya nayo kazi ikamlipa mwenye shamba, Maurice Williams, dola 5,000, wakachimba, wakasafirisha, wakaanza kusafisha. Wao wanajua wamemaliza, hela si imelipwa? Mwaka 1992 FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, na wanajeshi wakaja wakabeba mifupa yote. Kumbe shamba lile lilikuwa limeshikiliwa na serikali ya Marekani kwa niaba ya Williams, ambaye ni wa jamii ya Wasioux, wenyeji asilia wa Marekani, kwa hiyo asingeweza kuuza ardhi au sehemu ya ardhi bila ruhusa ya serikali. Mahakama ikasema mifupa iliyokaa ardhini miaka milioni zaidi ya 60 imeshakuwa sehemu ya ardhi yenyewe, sio kama kuku au trekta ambalo unaweza kulihamisha, kwa hiyo mauzo ni batili. Mwaka 1997 ile mifupa ya Sue ikapigwa mnada kwa niaba ya Williams, makumbusho ya Field ya Chicago wakaichukua kwa dola milioni 8.36. Yaani dola 5,000 na dola milioni 8 zilitenganishwa na aina ya hati ya shamba, hati ambayo mtu angeenda kuiangalia kwa siku moja.

Mtego wa pili ni pale haki ya juu ya ardhi na haki ya madini chini yake zinapokuwa za watu tofauti. Montana, jimbo lingine la Marekani, walipatikana dinosaria wawili waliolaliana kwenye mwamba, waliouza shamba zamani walikuwa wamebakiza sehemu ya haki za madini, wakadai mifupa ni madini kwa hiyo nao wana sehemu yao. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa iliwakubalia, watu wa makumbusho wakashtuka sana manake ingebidi kila kisukuku kilichotoka ardhi binafsi kianze kuulizwa upya. Mwaka 2020 mahakama kuu ya Montana ikasema hapana, kwa maana ya kawaida ya neno, kisukuku sio madini, ni cha mwenye juu.

Na ardhi ya serikali ya shirikisho huko Marekani ina sheria yake ya 2009, mifupa ya wanyama wenye uti wa mgongo inahitaji kibali na inabaki ya umma, ila konokono na majani ya kawaida unaweza kuokota kidogo kwa matumizi yako kwenye baadhi ya maeneo. Hifadhi za taifa usiguse chochote.

Kwa hiyo ulizia hati ya ardhi, ulizia haki za madini, na ruhusa ya mwenye eneo iwe ya maandishi yenye tarehe na saini. Neno la mdomo tuachie salamu.

Hatua ya 4: Kilitoka lini?

Chukua mwaka kilipotoka uweke pembeni ya mwaka sheria ilipoanza. Kama kilitoka kabla ya sheria, msimamo wa kisheria unabadilika, kama kilitoka baada, mzigo wa kuonyesha kibali ni wako.

Kuna mwaka mwingine wa kuuweka kichwani, 1970, ndo UNESCO walipitisha mkataba wa kuzuia usafirishaji haramu wa mali za utamaduni na umetaja wazi vitu vya paleontolojia, yaani visukuku. Ila usiuelewe vibaya, haurudi nyuma kwa vilivyotoka kabla, na kile kipengele chake kikali cha kurudisha kinahusu vitu vilivyoibwa makumbusho ambavyo vilikuwa vimeorodheshwa. Kisukuku kilichochimbwa usiku korongoni hakipo kwenye orodha yoyote, hakuna aliyewahi kukiona! Ndo maana sheria ya taifa ya umiliki ina nguvu sana. Nchi ikisema tu "ni marufuku kutoa nje", mahakama za nje mara nyingi hazioni sababu ya kusimamia katazo la forodha la wenzao, lakini nchi ikisema "hiki ni chetu tangu kikiwa ardhini", basi kukichukua ni wizi, na wizi kila mahakama inauelewa. Mkataba wa UNIDROIT (taasisi ya kimataifa ya kuoanisha sheria) wa 1995 uliziba hilo pengo kwa kusema kilichochimbwa kinyume cha sheria kihesabiwe kimeibwa, ila unafunga tu nchi zilizojiunga, na nchi zenye masoko makubwa nyingi hazimo.

Vile vya enzi za ukoloni ndo vigumu kuliko vyote, na mimi binafsi vinaniuma. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walitoa Tendaguru, Lindi, zaidi ya tani 200 za mifupa ya dinosaria, kazi ya kuchimba na kubeba kichwani mpaka bandarini ilifanywa na wenyeji, na leo yule dinosaria mwenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu amesimama Berlin. Kisheria mkataba wa 1970 haumgusi. Fuvu la Kabwe, la binadamu wa kale, lililotoka Zambia mwaka 1921 nalo liko London, Zambia wameliomba miaka mingi. Kwa kesi za hivi njia ni mazungumzo ya serikali kwa serikali, na UNESCO wana kamati maalum ya kusaidia. Lakini hata huko karatasi inaongea. Fuvu la Proconsul, nyani wa kale, ambalo mtafiti Mary Leakey alilipata kisiwa cha Rusinga mwaka 1948 lilikaa Uingereza miongo mitatu watu wakilihesabu ni lao, mpaka zilipoonekana nyaraka kwamba lilipelekwa kwa mkopo tu, likarudi Kenya mwaka 1982. Barua tu ilitosha, hawakuhitaji kesi.

Hatua ya 5: Kama unanunua, muulize muuzaji maswali ya kumkera

Nchi gani, eneo gani, nani alichimba, mwaka gani, kibali cha kuchimba kiko wapi, kibali cha kutoa nje kiko wapi, karatasi ya forodha ya kuingiza inasemaje. Majibu kama "mkusanyo wa zamani wa Ulaya" au "Asia ya Kati" ujue hapo kuna jambo.

Angalia kesi ya Tarbosaurus, dinosaria mla nyama. Mei 2012 mifupa yake karibu kamili ilipigwa mnada New York kwa dola milioni 1.05. Kwenye karatasi za kuingiza Marekani iliandikwa nchi ya asili ni Uingereza na thamani dola 15,000. Sasa Tarbosaurus bataar anajulikana jangwa la Gobi, Uingereza hajawahi kukanyaga. Wataalam waliangalia rangi ya mifupa na aina ya mwamba wakasema hii ni Mongolia. Ikafunguliwa kesi dhidi ya mifupa yenyewe, kweli kabisa, jina la kesi ni Marekani dhidi ya mifupa ya dinosaria, aliyeiingiza akakiri makosa akafungwa miezi mitatu na mifupa ikarudi Mongolia mwaka 2013. Kisukuku kinabeba anwani yake mwilini, hilo wauzaji wengi hawalijui.

Jingine ni kibali kinachofanana na kibali. Kaharabu ya Myanmar inahesabiwa kito, unaweza kupewa karatasi halali ya kuitoa kama kito, lakini kutoa kisukuku nje ni marufuku, sasa kaharabu yenye mjusi ndani ni kipi? Juu ya hilo migodi yake iko kwenye eneo la vita, na mwaka 2020 chama cha wataalam wa visukuku vya wanyama wenye uti wa mgongo kiliomba majarida yasitishe kuchapisha tafiti za kaharabu iliyotoka huko tangu 2017. Ushauri wangu ni mfupi, iache.

Usinunue pia holotaipu, yaani ile sampuli moja iliyotumika kuipa spishi jina. Hiyo ni rejea ya dunia nzima, ikikaa sebuleni kwa mtu sayansi imefungiwa mlango.

Hatua ya 6: Kutuma nje

Kibali cha kuchimba sio kibali cha kutoa nje, ni karatasi mbili, mara nyingi ofisi mbili. Omba kabla hujafunga mzigo, ambatanisha picha, vipimo, namba ya sampuli. Kwenye forodha andika kilivyo, "visukuku", taja nchi kilikochimbwa na sio nchi kilikopitia, thamani ya kweli. Usiandike "mawe ya mapambo", uongo wa forodha peke yake unatosha kukupotezea kitu hata kama umiliki ulikuwa safi.

Pembe ya mamothi, yule tembo wa kale mwenye manyoya, inafanana sana na ya tembo, beba ripoti ya mtaalam la sivyo itashikiliwa. Na kama ni kwa ajili ya utafiti, omba mkopo wa muda wenye tarehe ya kurudi, au uliza kama plasta, yaani nakala ya mfupa iliyotengenezwa kwa kalibu, au skani ya 3D inatosha. Mara nyingi inatosha. Faili unalituma kwa intaneti na mfupa unabaki kwao.

Hatua ya 7: Kurudisha

Umegundua ulichonacho hakikutoka kihalali. Usiogope, na usikifiche wala kukiuza haraka haraka, hapo ndo unageuka kutoka mnunuzi wa nia njema kuwa mshiriki. Mwigizaji Nicolas Cage alinunua fuvu la Tarbosaurus mwaka 2007 kwa dola 276,000, alipoambiwa linaonekana limetoka Mongolia kinyume cha sheria akakubali kulitoa mwaka 2015, hakushtakiwa kwa lolote. Hela yake iliondoka, jina lake likabaki.

Muone wakili kwanza, alafu andika kwa ubalozi wa nchi husika na nakala kwa makumbusho yao ya taifa. Barua iwe na picha, ulivyokipata, na karatasi zote ulizonazo hata zile zinazokuaibisha. Ukificha zitatokea tu. Makumbusho ya Karlsruhe kule Ujerumani walikuwa na Ubirajara, dinosaria mdogo wa Brazil aliyetangazwa kwenye makala ya jarida la sayansi Desemba 2020. Ilitajwa karatasi ya mwaka 1995 iliyosainiwa na afisa mmoja, Wabrazil wakasema afisa yule hakuwa na mamlaka ya kutoa kisukuku nje, na maelezo ya lini kiliingia Ujerumani yakabadilika njiani. Wanasayansi na wananchi wa Brazil walipiga kelele mtandaoni usiku na mchana, jarida likaiondoa ile makala, na Juni 2023 kisukuku kikarudi, sasa kiko Ceará, jimbo la Brazil, karibu na pale kilipotoka. Ufaransa kwa upande wao walikamata visukuku vya Ceará bandarini Le Havre mwaka 2013, 998 kwa jumla, na Mei 2022 wakavikabidhi Brazil.

Kama wewe uko upande unaodai, anza na orodha. Tafuta machapisho yanayotaja sampuli zenu, namba ya sampuli, makumbusho ilipo, mwaka wa kuchimbwa, na sheria iliyokuwepo mwaka huo. Dai rasmi linapita serikalini, mtu binafsi hawezi kudai mali ya taifa, ila karibu kila kesi iliyofanikiwa ilianza na mtu mmoja aliyeona kitu akasema. Ile ya Tarbosaurus ilianza na Bolortsetseg Minjin, mtaalam wa Mongolia, kuona habari ya mnada.

Siku ya makabidhiano hakikisha kuna hati inayotaja kila kipande kwa namba, picha ya hali yake, nani kapokea na atakiweka wapi, na nani analipa usafiri. Omba kubaki na plasta kama unaihitaji, huwa wanakubali. Kabidhi na daftari, lebo na bahasha zake pia, visitenganishwe na kisukuku, na ile namba ya wino iliyoandikwa upande wa chini usiifute hata kama wanaopokea wataweka ya kwao.